Nilikwenda Kuomba Dahalia, Wakadhani Nimekwenda Kuposa

Bi Mwanawema mpendwa, assalaam aleikum. Naomba msaada wako, na naomba pia uyageuze majina yote na mitaa, maana Pemba ni ndogo, na haya yakimfika mwenyewe kwa njia ya gazeti kabla sijayasema kwa mdomo wangu sitakuwa na uso wa kupita Chake Chake. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, marehemu mama alikuwa hakosi ukurasa wako, mimi nasoma kwa sauti yeye anachambua mchele na kukujibu kama umekaa naye jikoni, "hapo kasema kweli, hapo kamuonea mtoto wa watu," basi leo zamu yangu imefika na mama hayupo wa kumuuliza, ndiyo maana nimekuja kwako.

Nimepita miaka thelathini, sijaoa, na kazi yangu ni kuomba. Usicheke. Nimeajiriwa na chuo kimoja hapa kisiwani, kwenye kitambulisho nimeandikwa afisa wa wafadhili wakubwa, maana yake sishughuliki na michango ya kupitisha kofia, mimi nawatafuta wale watu wachache ambao mmoja wao akiamua anaweza kujenga maabara au kusomesha darasa zima, Wapemba wenye maduka Dar es Salaam, wenye kazi zao Maskati, wenye mashamba ya karafuu hapahapa kwetu, nawaendea, nakaa nao, nawaeleza chuo kinataka kufanya nini, na siku ikifika nawaomba. Mtaani wananiita Mwombaji wala sichukii, kwa sababu mimi mwenyewe nisingelisoma kama si mtu kunilipia, mtu ambaye mpaka leo simjui, niliitwa tu na mwalimu mkuu akaniambia ada yako imeshalipwa, rudi darasani. Kila ninapopiga hodi kwenye nyumba ya mtu huwa namshukuru yule kimoyomoyo. Kazi hii naipenda, Bi Mwanawema, naipenda sana.

Sasa chuo chetu hakina dahalia, yaani bweni la wasichana. Wavulana wanapanga vyumba popote na maisha yanakwenda, lakini msichana anayetoka Tumbe au Fundo wazazi wake hawakubali apange chumba kwenye nyumba ya watu wasiowajua, na mimi siwalaumu, na wale wanaofikia kwa jamaa wengine wanageuzwa watumishi wa ndani, anapika, anafua, analea, kitabu anakishika akiwa hoi. Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa Fundo kumchukua binti yake, Asya, msichana anayeongoza darasa lake, akanisalimia kwa adabu zote akaniambia, "Mwanangu, mie sina ugomvi na chuo chenu. Lakini mtoto alale wapi?" Nikawasindikiza mpaka langoni, wakaondoka, na tangu siku ile swali lake sijaweza kulitoa kichwani.

Kwa hiyo mkuu wa chuo, Dokta Abdulnasir, aliponiambia mwaka huu tutafutie mtu wa dahalia, jina lililonijia lilikuwa moja tu, Bi Mwanapili wa Tumbe. Huyu ni mama mjane aliyeanza kwa kununua dagaa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, na kuwaanika mwenyewe, leo magari yake ndiyo yanayotoa samaki Tumbe kila asubuhi, ana ghala la barafu, na hapa Chake Chake amemaliza kujenga nyumba ya ghorofa, vyumba tele, hatua chache tu kutoka lango la chuo, nimekuwa nikiipita kila siku nikiitazama kwa tamaa, Mungu anisamehe. Ana mtoto mmoja tu, binti, Shadya.

Chuo kilikuwa kimenipeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo ya namna ya kuzungumza na wafadhili wakubwa, na mwalimu alitukataza kabisa kuomba siku ya kwanza, alisema nenda umjue mtu, kaa, muulize watoto wake na hali yake, msikilize, mpelekee kitu kidogo cha heshima, aga, kisha rudi tena, kwa sababu anayeomba haraka hupewa kidogo. Nikayashika maneno yake kama Alhamdu. Na kwa adabu zetu mimi kijana siwezi kuingia peke yangu kwenye nyumba ya mjane, basi nikamchukua Mzee Nyange, mwalimu mstaafu anayeheshimika kote, mtu wa koti na bakora, mwenye maneno mazuri na asiyekataa kahawa hata mvua ikinyesha. Nikabeba na halua ya Wete.

Bi Mwanapili alitukaribisha barazani. "Karibuni, nyumba yenu hino. Mmekuja na heri gani?"

"Heri tupu, Bi," nikamjibu kama nilivyofundishwa, "tumekuja kukujulia hali tu."

Mzee Nyange akatabasamu, yeye mama akatabasamu, nami nikaona mambo yameanza vizuri. Nikauliza habari za familia, nani yuko nyumbani, nani ameshaolewa, naye akaniuliza mimi ni wa nani, akamkumbuka bibi yangu wa Ole, akauliza kama mama yangu yu hai, nikamwambia hapana, akauliza kama nina mke, nikamwambia hapana. "Masikini mwanangu," akasema, na akanitazama kwa huruma mpaka nikaona haya. Shadya alileta kahawa, akaweka sinia, akasema karibuni, akarudi ndani. Tukala halua, tukaaga, sikusema lililonipeleka, na njiani nikajisifu moyoni kwamba mwalimu wangu angeniona angefurahi.

Mara ya pili haikuwa kahawa, ilikuwa wali wa nazi na pweza na mkate wa kumimina, na shangazi yake Shadya alikuwepo, na pazia la ukumbini lilikuwa haliishi kutikisika ingawa upepo haukuwepo. Ofisini nikaandika kwenye ripoti kwamba uhusiano unaendelea vizuri sana. Mara ya tatu nikamkuta Mzee Jaribu, ami yake Shadya, kavuka kutoka Fundo, akanihoji kama nasali, kama kazi yangu ni ya kudumu, kama ninapokaa ni pangu au nimepanga, nami nikajibu yote kwa unyoofu nikijua anapima uaminifu wa chuo kabla ya shemeji yake kufungua mkono.

Katikati ya hayo nikaugua malaria nikalazwa. Bi Mwanapili alipopata habari alimtuma dereva wake na uji, na kesho yake akaja mwenyewe na kikapu, akakaa pembeni ya kitanda akanipangusa uso kwa kanga yake, na muuguzi alipouliza mgonjwa huyu ana nani, akamjibu, "Huyu mwanangu." Tangu mama afariki hakuna mtu aliyeniita hivyo mbele ya watu. Alipoondoka nililia, nakwambia bila kuona haya, na nikamuomba Mungu ampe umri.

Nilipopona nikaona sasa siku imefika. Tukaenda na ramani za dahalia, nikamweleza yote, nikaiomba ile nyumba ya Chake Chake, nikamweleza habari ya Asya na baba yake. Bi Mwanapili akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akasema, "Nyumba ile ya Chake n'limjengea Shadya. Lakini mwanamme anayewaombea wana wa watu kabla hajamuomba mwanangu, mie sijapata kumuona. Ichukueni. Iwe wakfu, walale hao watoto wasome." Bi Mwanawema, nilisikia ichukueni na nilisikia wakfu, hayo ya katikati yalinipita kwa furaha, nikambusu mkono.

Tulipoingia garini Mzee Nyange akaniambia, "Haya bwana. Sasa barua unaleta lini?"

"Ya shukrani? Kesho asubuhi, inshallah."

"Shukrani gani? Barua ya posa! Wenyewe wasubiri Mfunguo Mosi, mie n'shazungumza na Jaribu, n'kamwambia kijana mzuri ila mwoga wa kusema."

Nilifunga breki katikati ya barabara. Nikamwambia Mzee, mimi sijaja kuposa, mimi nimekuja kuombea chuo, akanitazama kama nimepandwa na wazimu. "We! Safari zote hizo n'kivaa koti langu la harusini, wadhani n'kenda kuombea chuo? Ya chuo n'liona kisingizio chako tu!"

Basi ndipo nikaanza kurudi nyuma kimawazo, halua, pazia, pweza, maswali ya Mzee Jaribu. Mpango wao ni huu, Ramadhani ikiisha, Mfunguo Mosi, jamaa wote watakusanyika Tumbe, watapokea posa yangu, na hapohapo mama ataandikisha wakfu wa nyumba mbele ya watu. Nikakimbilia kwa mkuu wa chuo nikamweleza, nikidhani atashtuka kama mimi, akacheka mpaka akavua miwani. "Oa tu, yakhe," akasema, "kwani binti ana kasoro gani? Chuo kitakuchangia sherehe." Na ameshawaambia wajumbe wa baraza la chuo kwamba dahalia imepatikana.

Sitaki kukudanganya, Shadya simkatai. Ni binti mpole, wa nyumba nzuri, na kuna siku najiambia labda hii ndiyo kheri yangu, mama huyu amenifanyia ambayo hakuna aliyenifanyia, kanilisha, kaniuguza, kaniita mwanawe, kakitoa kitu chake kikubwa kuliko vyote kwa sababu nimekiomba mimi, sasa nitamshukuru kwa lipi kama si kwa kumuoa mwanawe na kuwa mwanawe kweli? Siku nyingine najiona mwizi, kwa sababu nyumba ile anamtolea mkwe, na mimi sikwenda kama mkwe, na nikimuoa watu watasema chuo kimelipa dahalia kwa bwana harusi. Nikisema ukweli namvunja moyo mama wa watu aliyenitendea wema mtupu, na nyumba huenda ikaondoka, na yule mzee wa Fundo atakuwa bado anauliza mtoto alale wapi. Nikinyamaza nitaoa na dahalia itapatikana na kila mtu atafurahi, isipokuwa mimi nikijua nilivyoipata. Silali vizuri, chakula hakipandi, na wiki hii nimeletewa tena sahani ya pweza. Nifanyeje, mama yangu?

Mwombaji,
Chake Chake

*

Mwanangu Mwombaji, waaleikum salaam. Majina nimeyageuza, mitaa nimeivuruga, na hata hiyo biashara ya mama mwenyewe sivyo ilivyo, kwa hiyo wasomaji wa Tumbe msianze kuhesabu wajane wenu. Na jibu hili nimekupigia simu nikakusomea lote kabla halijaingia mtamboni, kwa sababu mambo mengine hayangoji Jumamosi.

Nakiri nimecheka. Halafu nikafika pale hospitali nikaacha kucheka. Mungu amrehemu mama yako, na ahsante kwa kunijulisha kwamba alikuwa akinijibu, nimefurahi kuliko unavyodhani, maana wengi hunisoma kimya.

Tuanze na kosa lako ili tulimalize. Wewe si mwizi, wewe ni mjinga, na ujinga una dawa. Mwalimu wako wa Dar es Salaam alikufundisha vyema, lakini hajapata kukaa baraza ya Pemba. Kijana asiye na mke, kaongozana na mzee aliyevaa koti, mkononi halua, anauliza nani kaolewa na nani hajaolewa, kisha anaaga bila kusema lililomleta, tena anarudi, tena anarudi! Ulitaka wakuelewe vipi? Mimi ningekuwa shangazi yake ningeshachagua kanga za sare. Hakuna aliyekudanganya hapo na hakuna aliyekosa adabu. Wao walizisoma alama zote sawasawa, ni wewe uliyezitoa bila kujua unasema nini.

Mkuu wako wa chuo umpe salamu zangu. Mwambie akiona ndoa ndiyo njia ya kupatia majengo basi aanze yeye, Mungu kampa nafasi mpaka wanne, na chuo kina upungufu wa maabara pia.

Sasa hili la shukrani, na hapa nataka utulie. Barua yako yote imejaa shukrani, kwa yule aliyekulipia ada, kwa Bi Mwanapili, hata kwa uji, na mimi nimekupenda kwa hilo. Siku hizi watu wanapewa na kusahau kabla mkono haujarudi. Lakini mtu hashukuru kwa kuoa. Mama aliyekuuguza unamshukuru kwa kumtembelea, kwa kumuombea dua, kwa kuwa wa kwanza kufika akiumwa na kuwa miongoni mwa wanaobeba siku akiondoka. Unamshukuru kwa kumwambia ukweli hasa pale uongo unapokufaa wewe. Ukimuoa mwanawe kwa shukrani, ipo siku mtagombana kama wanandoa wote wanavyogombana, na siku hiyo utajikuta unafikiri, mimi nilikuoa kumridhisha mama yako. Usimpeleke mtoto wa watu kwenye siku hiyo.

Unaogopa kuipoteza nyumba. Mwanangu, hujapewa bado. Kilichotolewa kimetolewa kwa mkwe, na mkwe huyo hayupo. Wakfu ukishaandikwa haurudi nyuma, kwa hiyo unatakiwa usemwe ukweli kabla ya kalamu kushikwa, si baada. Na mimi, kama mwanamke aliyezeeka, nakwambia jambo usiloliona kwa hofu yako. Bi Mwanapili alipofuta macho hukuwa unazungumza habari za posa. Ulikuwa unazungumza habari za Asya. Mama aliyeanika dagaa kwa mikono yake pengine kwa sababu hakuna aliyempeleka skuli, unadhani alimlilia bwana harusi? Mpe nafasi atoe kwa sababu iliyo ya kweli, usimnyime heshima hiyo. Na asipotoa, basi utamshukuru kwa pweza na utakwenda kupiga hodi kwingine, kazi yako ndiyo hiyo.

Huyo Asya naye kwa nini angoje ghorofa? Nina dada yangu hapo Chake Chake, mjane, watoto wamehama, nyumba inampigia kelele kwa ukimya. Nimeshazungumza naye. Anataka wasichana wawili, wasimpikie wala wasimfulie, wasome tu na wamsomee Kurani usiku wa Ijumaa. Namba yake iko kwa mhariri. Kamchukue yule mzee wa Fundo, umlete aione nyumba na aone chumba kwa macho yake, ili safari hii akuulize ukiwa na jibu. Halafu tafuta wajane wengine kama dada yangu, wako wengi, hawajaombwa tu.

Haya, ya kufanya ndiyo haya, na uyafanye kabla Ramadhani haijaingia, wakati watu wanatakana radhi, ili kila mmoja aingie kwenye mfungo na moyo mweupe. Usiende nyumbani kwake. Usibebe halua. Usimchukue Mzee Nyange, na usithubutu kumchukua shangazi yako ukidhani mambo ya kike yanasemwa na wanawake, maana mkiingia na shangazi vigelegele vitaanza kabla hujavua viatu. Mfuate dikoni Tumbe, kazini kwake, asubuhi magari yakishaondoka, palepale penye ghala la barafu. Jambo la kazi lisemwe kazini, na kama ungelianza hivyo tangu mwanzo usingekuwa unaniandikia. Sema kabla hujakaribishwa chai, ukishapewa chai utalegea. Mwambie hivi: Mama, nimekuja kukutaka radhi. Nilipokuja kwako sikuja kuposa, nilitumwa na chuo, na kwa ujinga wangu nilijifanya kama mtu aliyekuja kuposa. Nyumba nakurudishia. Ulichonifanyia hospitali siwezi kukirudisha wala sitaki, nitakuwa mwanao ukinikubali, bila nyumba na bila harusi. Kisha unyamaze. Akikufokea msikilize mpaka mwisho. Akicheka, usicheke kwanza.

Mzee Nyange kazi yake ni kuvuka Fundo mwenyewe kwa Mzee Jaribu, akasawazishe alichokizungumza, na koti alivae lilelile.

Sasa nimeacha la mwisho, na hili ndilo lililonikasirisha. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta maneno ya Shadya. Nimemkuta na sinia ya kahawa, kasema karibuni, karudi ndani. Basi! Nimejua bakora ya Mzee Nyange, nimejua kicheko cha mkuu wako, nimejua mapishi yote ya nyumba ile, lakini binti anafanya kazi gani sijui, kasoma wapi sijui, ana umri gani sijui, na moyo wake uko wapi ndiyo kabisa. Unasema humkatai. Kwani yeye kakuomba? Na nyumba mliyoitoa wakfu ninyi nyote barazani, mama, ami, mzee na wewe mwenye ramani, mama mwenyewe kasema kaijengea nani? Wewe unayekosa usingizi kwa msichana wa Fundo asiye na pa kulala, umemuondoa msichana wa Tumbe kwenye nyumba yake bila hata kumtazama, na hukuona kitu.

Kwa hiyo siku ile dikoni, ukimaliza kutaka radhi, muombe mama jambo moja tu zaidi: asiandikishe chochote mpaka akae na Shadya, wao wawili, amuulize kuhusu nyumba, na jibu lake liwe ndilo jibu. Wewe usiwepo. Ya nyumba yakishaisha, kwa vyovyote yatakavyoisha, subiri mwaka mzima. Ukimuona bado unamfikiria yeye, si mama yake wala si pweza, hapo tuma watu wako mwenyewe, si gari ya chuo, wakamuulize la pili, la ndoa. Na akisema hapana, kwa nyumba au kwako wewe, umshukuru vilevile ulivyomshukuru mama yake aliposema ichukueni.

Mimi,
Bi Mwanawema